Frank Weston, Askofu wa Unguja

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu waandikapo habari za watu mashuhuri huchagua mara nyingi majemadari, wavumbuzi na wafalme. Mimi nimemchagua askofu, mtu ambaye jina lake halimo sana katika vitabu tusomavyo darasani, ijapokuwa aliishi Unguja na Bara kwa muda wa miaka 26, akafa huku kwetu na kuzikwa huku kwetu.

Shule yetu ni ya serikali, na katika bweni moja hulala Waislamu na Wakristo wa kila madhehebu. Basi nataka ieleweke mapema kwamba simwandiki Weston ili nimvute mtu ye yote kwenye kanisa lake. Namwandika kwa sababu maisha yake yanauliza swali ambalo kila mwenye dini hulikuta mara atokapo katika nyumba ya ibada. Je, yale aliyoyasali ndani yana neno lo lote juu ya serikali, juu ya kazi, juu ya ujira na juu ya sheria? Au dini ikae ndani, na dunia ikae nje?

Frank Weston alizaliwa London tarehe 13 Septemba, 1871. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa majani ya chai, naye alikufa Frank angali mtoto. Alisoma katika shule ya Dulwich, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1893 akafaulu katika daraja la kwanza katika masomo ya dini. Mtu wa namna hiyo angaliweza kubaki Oxford maisha yake yote, avae joho na kuandika vitabu. Hakubaki. Alikwenda Stratford, upande wa mashariki wa London, ambako chuo chake kilikuwa na misioni miongoni mwa maskini. Huko alipewa ushemasi mwaka 1894, na mwaka uliofuata akawa padre.

Sisi huku hudhani kwamba Ulaya ya zamani ilikuwa nchi ya matajiri watupu. Sivyo. Mashariki ya London siku zile zilikuwako jamaa nzima zilizopanga chumba kimoja, na vibarua waliosimama alfajiri kwenye milango ya gati wakingoja kuchaguliwa, na asiyechaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Nadhani mambo mengi aliyoyatenda Weston baadaye katika Afrika yalianzia pale, kwa kuwa aliona mapema kwamba mtu aweza kuwa huru katika sheria na bado akawa hana hiari ya mwili wake.

Mwaka 1898 alikuja Unguja kwa kazi ya misioni ya U.M.C.A. Mwaka mmoja tu kabla yake, yaani 1897, sheria ilikuwa imeondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Soko kubwa la watumwa lilikuwa limefungwa tangu 1873, na mahali pake pale Mkunazini pakajengwa kanisa kubwa, kazi ya Askofu Steere. Yasimuliwa kwamba altare ya kanisa lile imewekwa mahali uliposimama mti waliofungwa watumwa na kuchapwa. Kijana mgeni aliyesali pale kila siku hakuweza kusahau ni ardhi gani aliyoikanyaga.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha. Mwaka 1899 alianzisha chuo cha kuwafunza mapadre Waafrika huko Mazizini, na toka 1901 hata 1908 alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani. Chuo hiki kilianzishwa kwa ajili ya wavulana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na katika siku za Weston kilikuwa kimekwisha pokea wavulana kutoka Bonde, Masasi na nchi za Nyasa. Alijifunza Kiswahili akakijua vizuri. Padre wa kwanza Mwafrika wa misioni ile, Cecil Majaliwa, aliyekuwa amepata kuwa mtumwa, alipewa upadre mwaka 1890, kabla Weston hajafika, kwa hiyo njia ilikuwa imekwisha funguliwa. Lakini njia ikifunguliwa na wasipite watu, majani huota tena. Weston alishikilia kwamba kanisa la Afrika lisilokuwa na mapadre wa Afrika ni kanisa la kukodi, na kwa sababu hiyo alitumia miaka yake bora si katika kujenga majumba bali katika kukaa darasani na vijana.

Tarehe 18 Oktoba, 1908, aliwekwa kuwa Askofu wa Unguja. Alikuwa na umri wa miaka 37. Uaskofu wake ulikuwa mkubwa ajabu. Ulishika Unguja na Pemba, kisha ukavuka bahari ukachukua Bonde, Usambara na Uzigua, tena kusini hata Masasi na Newala. Visiwa vilikuwa chini ya Waingereza na Bara chini ya Wajerumani, hivi kwamba askofu mmoja alikuwa na serikali mbili za kusalimiana nazo. Safari nyingi alizifanya kwa miguu. Mwaka 1911 alianzisha chama cha masista, kwa maana aliona kwamba misioni isiyowafikia wanawake imeacha nusu ya watu nje ya mlango. Masista hao walifanya kazi ya kufundisha na ya kuuguza, na baadaye walilea chama kingine cha masista wa Kiafrika, Chama cha Mariamu Mtakatifu.

Sasa nafikia habari ambayo wanaompenda Weston hupenda kuipita haraka. Mwezi wa Juni, 1913, wamisioni wa madhehebu mbali mbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika Kenya, kushauriana jinsi ya kufanya kazi kwa umoja. Mwishoni walishiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la Wascotland, na Askofu Peel wa Mombasa ndiye aliyeongoza, naye Askofu Willis wa Uganda alikuwapo. Weston alipopata habari alikasirika sana. Kwake, kanisa lisilo na maaskofu halikuwa kanisa kamili, na kuwapa Ushirika watu wa makanisa hayo kulikuwa kubomoa imani. Akawashitaki maaskofu wenzake wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kosa la uzushi. Magazeti ya Uingereza yalijaa neno Kikuyu, na nadhani wasomaji wengi wa London hawakujua kama Kikuyu ni mji, ni kabila au ni ugonjwa. Hukumu ilikuja baada ya vita kuanza, nayo ilisema hivi na hivi, hata watani wakasema kwamba ibada ile imeonekana kumpendeza Mungu sana, ila isifanywe tena kamwe.

Haikumtosha. Mwaka 1915 alitangaza kwamba uaskofu wake hauna ushirika tena na Askofu wa Hereford huko Uingereza, kwa kuwa alimpandisha cheo mwalimu ambaye mafundisho yake Weston aliyaona ya hatari. Mimi naona kwamba katika mambo haya alikuwa mkali kupita kiasi. Wakristo wa Kikuyu na wa Bonde hawakuzibuni tofauti za Wascotland na Waingereza. Waliletewa katika mabunda pamoja na vitabu na nguo. Mtu aliyetaka kanisa la Afrika liwe la Waafrika angaliweza kuwauliza Waafrika kwanza kama ugomvi ule ni wao. Nasema haya wazi, maana mtu yule yule asiyejua kunyamaza katika jambo dogo ndiye tutakayemwona hanyamazi katika jambo kubwa.

Vita vilipoanza mwaka 1914, wamisioni wa Kiingereza waliokuwa Bara walitiwa kizuizini na Wajerumani. Mapadre na walimu wao Waafrika walipata taabu zaidi. Wengi walifungwa, wakafanyizwa kazi katika minyororo, kwa kushukiwa kwamba ni wapelelezi. Weston alikuwa Unguja, hakuweza kuwafikia.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalihitaji wapagazi. Hapakuwa na barabara za magari za kutosha, na wanyama walikufa kwa mbung'o, basi kila risasi na kila kibaba cha mchele kilichukuliwa kichwani pa mtu. Unguja nako wanaume walitakiwa, nao waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Katika Afrika ya Mashariki nzima idadi iliyoandikwa na serikali yenyewe ya wapagazi waliokufa katika vita vile ilipita 40,000, na wataalamu wa historia wasema idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi sana. Wengi hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wao, kwani ndilo neno la Kiingereza la jeshi la wapagazi lililotiwa katika ulimi wetu.

Weston alijitoa kuwaongoza wapagazi wa Unguja yeye mwenyewe. Alipewa cheo cha meja, akawaongoza kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, naye alitembea kwa miguu kama wao. Mtu aweza kuuliza kama ilimpasa askofu kuwasaidia wakubwa wa vita kupata wapagazi. Ni swali la haki, na mwalimu wetu mmoja wa historia hulipenda. Jibu langu ni kwamba wapagazi wale wangalichukuliwa kwa vyo vyote, na penye mkubwa aliyewajua kwa majina, aliyesema lugha yao na kula vumbi moja nao, posho haikupotea njiani kwa urahisi. Baada ya vita serikali ilimpa nishani.

Mwaka 1918 aliandika barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, ikapigwa chapa kama kijitabu, na jina lake maana yake ni Watumwa Weusi wa Prussia. Ndani yake alieleza ukatili wa utawala wa Kijerumani, viboko, minyororo na kazi za nguvu, akataka nchi hii isirudishwe kwa Wajerumani. Waingereza walikipenda kijitabu hicho. Ni rahisi kupenda maovu ya adui yakielezwa.

Miaka miwili baadaye hawakumpenda hivyo, na hapa ndipo maisha yake yanaponigusa zaidi. Vita vilipokwisha, walowezi wa Kenya walikuwa na mashamba makubwa lakini vibarua hawakutosha, kwa sababu Mwafrika aliyekuwa na shamba lake mwenyewe hakuona sababu ya kuliacha akalime la mwingine kwa ujira mdogo. Mwezi wa Oktoba, 1919, Gavana Northey alitoa waraka. Waraka huo uliwaagiza mabwana shauri wafanye kila njia iliyo halali ili wanaume waende kazini katika mashamba ya walowezi. Machifu waliagizwa wasaidie, na majina ya wale wasiosaidia yaandikwe na kupelekwa juu. Mahali mashamba yalipokuwa karibu na vijiji, wanawake na watoto nao watiwe moyo kwenda. Neno lililotumika lilikuwa kutia moyo. Lakini chifu anapojua kwamba jina lake linaandikwa, na mwanakijiji anapojua kwamba chifu anaogopa, kutia moyo kunakuwa amri yenye fimbo nyuma yake. Mwaka 1920 sheria ikaongeza kwamba mtu aweza kulazimishwa kufanya kazi za serikali kwa ujira muda wa siku 60 kwa mwaka, isipokuwa awe amefanya kazi ya kuajiriwa miezi mitatu katika mwaka uliopita. Tazameni ujanja wa sheria hiyo! Njia ya kuikwepa kazi ya serikali ilikuwa kwenda kwa mlowezi. Na wakati huo huo kipande kilianza kuvaliwa shingoni, ili atakayetoroka ajulikane.

Viongozi wa makanisa ya Protestanti katika Kenya na Uganda waliona hatari hiyo. Askofu Willis, Askofu Heywood wa Mombasa na Dokta Arthur wa misioni ya Wascotland waliandika maoni yao. Hawakuwa watu wabaya, nao walionya juu ya dhuluma. Lakini walikubali kwamba kazi ya kulazimishwa yaweza kuwa lazima, na ya kuwa ni afadhali iwekwe katika sheria wazi, kwa wanaume wenye nguvu tu, kwa kazi za serikali hasa. Walitaka kuufunga mnyama kamba, si kumwua.

Weston alikataa. Mwaka 1920 alipokwenda Uingereza alitoa kijitabu kingine, na jina lake ni Watwana wa Uingereza. Jina hilo lilikuwa kofi, kwa maana kila aliyekuwa amesoma kile cha 1918 alilisikia. Hoja yake haikuwa ngumu. Alisema kwamba kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya mwingine ni utumwa hata kama analipwa, kwamba hakuna sheria inayoweza kuifanya dhambi kuwa halali kwa kuiwekea mipaka, na kwamba Mkristo hawezi kuikubali hata kama nchi nzima itakosa kahawa na katani. Waliosema kazi inamfunza Mwafrika tabia njema aliwajibu kwamba Mwafrika ana kazi yake nyumbani, na kwamba akiondolewa miezi mingi mke, watoto na shamba ndio wanaolipa. Naye aliyaandika haya juu ya serikali ya taifa lake, serikali iliyokuwa imempa nishani.

Hakushinda peke yake, na nisiseme uongo. Bwana Oldham, katibu wa baraza la misioni huko London, alikuwa fundi zaidi wa kuzungumza na wakubwa. Alikusanya saini za maaskofu, wabunge na wataalamu, akapeleka shauri kwa Wizara ya Makoloni mwishoni mwa 1920. Mwezi wa Septemba, 1921, Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, alipeleka maagizo Kenya kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena kuwatafutia walowezi vibarua, na kwamba kazi ya lazima isitumike ila kwa mambo ya serikali yaliyo ya lazima kabisa. Kipande kilibaki. Ujira ulibaki mdogo. Walakini waraka wa Northey ulikuwa umevunjwa mgongo. Mimi naamini kwamba Oldham alipata kusikilizwa kwa upole wake kwa sababu Weston alikuwa amekwisha piga kelele mlangoni.

Mwaka huo huo wa 1920 kulikuwa na mkutano wa maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima huko Lambeth. Watu walimngojea Weston wa Kikuyu aje kuvunja vyombo. Kinyume chake alikaa katika kamati ya umoja wa makanisa, akasaidia kuandika mwito uliotumwa kwa Wakristo wote wa dunia ili watafute kuwa kitu kimoja. Tangu 1918 alikuwa amekwenda Kikuyu mwenyewe kwenye mkutano wa pili, akatoa mashauri yake ya umoja mbele ya watu wale wale aliowashitaki. Hakuyaacha mafundisho yake juu ya maaskofu, lakini alikuwa amejifunza kukaa meza moja na asiyekubaliana naye.

Mwezi wa Julai, 1923, aliongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana wa upande wa Kikatoliki katika jumba la Albert Hall, London. Watu wale walipenda sana uvumba, mishumaa na mavazi mazuri ya ibada, naye pia alivipenda. Katika hotuba yake ya mwisho aliwageukia. Aliwaambia kwamba wamepigania haki ya kumwabudu Yesu katika Sakramenti, na wamefanya vema, lakini hawawezi kudai kwamba wanamwabudu pale altareni ikiwa hawamhurumii katika vichochoro vya maskini. Aliwaambia kwamba ni wazimu kumpigia magoti katika kanisa na huku wanamnyonya katika miili ya watu wanaofanya kazi kwa ujira duni. Watokapo mbele ya altare, aliwaagiza, waende wakamtafute katika watu walio uchi na waliodhulumiwa, na wakimwona, wachukue taulo na kuwaosha miguu. Wenye maduka na hisa walikuwamo mle ukumbini. Hotuba ile ingali inasomwa katika makanisa mpaka leo, na nadhani wengi wanaoisoma hawajui kwamba nyuma ya maneno yale kulikuwa na wapagazi wa Bagamoyo na vijana wa Kikuyu wenye vipande shingoni.

Alirudi kazini. Mwezi wa Oktoba, 1924, akiwa katika safari za uaskofu upande wa Tanga, alipata jipu baya mgongoni. Aliuguzwa na wenzake, jipu likapasuliwa, lakini sumu ilikuwa imekwisha ingia katika damu, na dawa za kuua vijidudu kama tulizo nazo sasa zilikuwa bado kuvumbuliwa. Alikufa Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba, siku ambayo kanisa lake huwakumbuka marehemu wote. Alikuwa na miaka 53. Alizikwa Magila.

Mwaka uliofuata, 1925, chuo cha Kiungani kilihamishwa kutoka Unguja kwenda Minaki, karibu na Kisarawe. Minaki sasa ni shule ya serikali kama hii yetu, na wanafunzi wa kila dini husoma huko.